Sifongo Aliyemeza Kamba

Inspekta alikuwa na jina la kazini na jina la mtaani, na la mtaani ndilo lililoshika: Taratibu. Vijana wa kituo walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mwizi wa pikipiki aliwahi kumpita mbele ya pua, naye akamwacha aende zake, akamfuata kwa miguu, akamkuta kituo cha mafuta amepanga foleni kama raia mwema. Basi asubuhi hiyo mkuu wa kituo alipomtupia jalada mezani na kumwambia hili ni la kufunga tu, Taratibu alilifungua kwa kidole kimoja.

"Nani alihoji?"

"Koplo. Ushahidi upo. Mtu ana ufunguo, mtu amekutwa na mali nyumbani. Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani. Wewe soma, tia saini, ukanywe chai."

"Nikianza na chai?"

Mkuu alicheka kwa pua, akaenda zake.

Jalada, ukiliondolea maneno ya Koplo ya kujisifu, lilisema hivi. Katika maabara ya viumbe wa bahari, mlimani juu ya gati, alikuwapo sifongo wa rangi ya kutu, aliyetolewa kwenye ufa wa mwamba huko chini ambako mwanga unafika umechoka. Majimaji yaliyokamuliwa mwilini mwake yaliua bakteria walioshinda kila dawa ya hospitali, wale wanaoingia kwenye kidonda na kumkatisha mtu mguu. Halafu ghafla majimaji yale yakawa hayana nguvu kuliko maji ya bomba. Daktari aliyeongoza utafiti akaapa kwamba sifongo wake ameibwa, na pale tangini amewekwa mwingine wa kufanana naye, ili yule wa kweli akauzwe kwa watu wa viwanda vya dawa. Wenye ufunguo wa chumba walikuwa watatu: Daktari, fundi wa maabara na mzamiaji. Askari walipopekua nyumbani kwa mzamiaji, wakakuta sifongo kwenye ndoo. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa kubana, Koplo alikuwa ameongeza kwamba mzamiaji ni mdogo wa mume wa Daktari.

Taratibu alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akashuka mahabusu.

Mzamiaji alikuwa mtu wa kifua kipana na nywele zilizopauka kwa chumvi. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na hakuinuka.

"Yote nilishamwambia Koplo, Afande."

"Koplo mwandiko wake unanisumbua. Niambie mimi. Yule wa kwenye ndoo ni wa nini?"

"Wa kusugulia boti. Nilimwokota ufukweni, ameshakufa kitambo. Kila mzamiaji anaye nyumbani. Hata ukipekua bafuni kwa mke wa Koplo, utamkuta."

"Koplo hana mke."

"Basi ndiyo maana."

Taratibu alizuia cheko kwa kujikuna kidevu. "Na yule wa maabara? Siku mnamleta, nani alimweka kwenye tangi?"

"Mimi. Ukimtua tu hivi hivi hashiki, anabingirika. Nikamfunga kwa kamba ya nailoni juu ya kigae, mpaka ashike mwenyewe. Ile kamba nilitakiwa niikate baadaye, nikapitiwa." Alinyanyua mabega. "Hayo nayo mtaniandikia kosa?"

"Ukipatikana na hatia, unapoteza nini?"

"Leseni ya kuzamia. Mwizi wa vitu vya bahari haruhusiwi kushuka tena." Alitazama viganja vyake. "Mimi juu ya maji sijui kazi, Afande. Nimejaribu duka, duka likanishinda. Chini kule ndiko ninakojulikana."

"Na shemeji yako, aliyekushtaki?"

Mzamiaji aligeuza uso ukutani. "Huyo muulize mwenyewe."

Taratibu alibeba mfuko wa plastiki wenye sifongo wa ndoo, uliofungwa kwa lakiri ya polisi, akapanda mlima wa maabara kwa mwendo wake ule ule.

Maabara ilikuwa nyumba ndefu yenye harufu ya chumvi na spiriti. Mlangoni alipokewa na fundi wa maabara, mwanamume mnene mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa amekosa mtu wa kuzungumza naye na sasa amempata. Kabla Taratibu hajaketi, ameshawekewa visahani vya kioo mbele yake.

"Tazama hiki, Inspekta. Huu utando wa maziwa uliojaa kisahani chote ni bakteria. Hawa walitoka kwenye kidonda cha mgonjwa mmoja. Tuliwapa dawa za bei ndogo, wakala. Za bei kubwa, wakala. Sasa hapa katikati tukaweka tone la majimaji ya sifongo wetu."

Katikati ya kile kisahani palikuwa na duara safi, jeupe, lisilo na chochote. Lilikuwa safi kiasi kwamba Taratibu aliona mistari ya kiganja chake upande wa pili. Pembeni ya duara bakteria walikuwa wamesimama wote kwa mstari, na hakuna hata mmoja aliyevuka. Taratibu alikaa nalo muda mrefu. Alikuwa na shangazi aliyekatwa mguu kwa kidonda cha kisigino, na hakuwahi kufikiri kwamba adui wa shangazi yake angeweza kuzuiwa na tone.

"Hiki ndicho cha mwisho kufanya kazi," fundi alisema. Akasogeza kingine, utando wake umejaa toka ukingo hadi ukingo. "Na hiki ndicho kilichofuata. Hakuna duara. Daktari alipoona hiki alikaa chini hapo hapo sakafuni."

"Nani anamhudumia huyo sifongo?"

"Sisi sote. Huyu ni mtoto wa chumba hiki, Inspekta, usicheke. Mzamiaji anamletea maji mapya ya bahari. Mimi naangalia joto na chumvi. Daktari ndiye mama. Majuzi sifongo alipotokwa na madoa meupe, Daktari hakwenda nyumbani, alilala hapo kwenye kiti akimtibu. Mume wake akamletea mto, amenuna huyo! Lakini mgonjwa akapona, akang'aa kuliko mwanzo."

"Mzamiaji alikuwapo wakati huo?"

"Aliingia na kutoka kama kawaida. Walikorofishana mara moja, yeye na Daktari, kuhusu ndoo zilizoachwa mlangoni. Mambo ya shemeji na shemeji." Fundi alishusha sauti, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. "Kwangu mimi, sikutegemea. Lakini kama amekutwa naye nyumbani, nitasema nini?"

Daktari alitokea koridoni akifunga vifungo vya koti lake jeupe. Alikuwa mwanamke mrefu, macho mekundu, na alisalimia kwa haraka ya mtu asiyependa kuchunguzwa.

"Nilidhani kazi imeisha, Inspekta."

"Kwa wenye haraka imeisha. Mimi bado sijamwona marehemu."

"Hajafa. Ameibwa."

"Basi nionyeshe aliyeachwa badala yake."

Taratibu alikata utepe ambao Koplo alikuwa ameuzungusha mlangoni kama anafunga zawadi, wakaingia watatu. Chumba kilikuwa na giza kiasi, na katikati lilikaa tangi la kioo lenye taa ya samawati. Ndani yake, juu ya kigae, ulikaa mnara wa rangi ya kutu, kimo cha birika, wenye matundu makubwa juu na vitundu visivyohesabika ubavuni. Haukutikisika. Taratibu alijiuliza kimoyomoyo ni mahakama gani itakayosikiliza kesi ya kitu kama hiki bila hakimu kuangua kicheko.

"Huyu ni mmea?"

"Ni mnyama," Daktari alisema. "Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana ubongo. Ameishi hivyo tangu kabla samaki hawajakuwapo."

"Anaishije?"

Daktari alisita. Kisha, labda kwa sababu ni swali ambalo hakuwahi kuchoka kulijibu, alichukua bomba la sindano lenye rangi ya kijani, akatumbukiza mkono majini, akaiachia rangi chini kabisa, ubavuni mwa ule mnara. Wingu la kijani lilielea kidogo. Halafu likaanza kuvutwa. Lilizama ndani ya vile vitundu vyote kwa pamoja, kimya kimya, mpaka maji ya pembeni yakabaki meupe. Taratibu alidhani mchezo umeisha. Ndipo kutoka kwenye matundu ya juu ukaanza kutoka moshi wa kijani, umesimama wima, unapanda, mwingi, bila kukoma.

Inspekta wetu alikuwa ameona mengi katika kazi yake, na mengi hakuyapenda. Hili alilipenda. Alistaajabu, na hakuona haya kusimama pale mdomo wazi mbele ya shahidi.

"Maji yote ya tangi hili yanapita ndani yake," Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Mchana na usiku. Na ukimchukua mmoja wa aina nyingine, ukamkamulia kwenye kitambaa mpaka akawa uji, ukauacha ule uji majini, chembe zake zinatafutana. Zinashikana tena. Anajijenga upya."

"Zinajuana?"

"Zinajuana."

Taratibu alitikisa kichwa polepole. Kisha akakumbuka kilichompandisha mlima. "Daktari, mtu akija kwangu akaniambia gari lake limebadilishwa, mimi sitazami rangi. Natazama namba ya injini. Namba ya injini ya huyu iko wapi?"

"Kwenye miiba. Mwili wake umejaa miiba midogo ya kioo, na kila aina ya sifongo ina miiba yake. Nilitaka kuitazama siku ile ile. Askari wako wakanifungia chumba."

Taratibu alikohoa. "Sasa kiko wazi."

Kazi ile haikuwa ngumu kuifuatilia. Daktari alikata kijipande cha sifongo wa tangini, saizi ya punje ya mchele, akakiweka juu ya kioo cha hadubini. Kutoka kwenye mfuko wa polisi akakata kingine, cha yule wa ndoo. Juu ya kila kimoja fundi akadondosha klorini, ile ile ya kufulia mashuka. Nyama ya vyote viwili ikachemka mapovu na kuyeyuka.

"Anza na wa ndoo," Daktari alisema.

Taratibu aliinama kwenye hadubini, akafumba jicho moja. "Sioni kitu."

"Hakuna cha kuona. Hana miiba, ni nyuzi tupu, na nyuzi zinayeyuka. Huyo ni sifongo wa kuogea." Aliyasema hayo bila kumtazama mtu. "Hakuwahi kuwa wangu."

"Kwa hiyo mali iliyokutwa nyumbani kwa mtuhumiwa si mali."

"Alishauza ile ya kweli. Hilo halibadilishi kitu."

"Twende kwa huyu mwingine."

Kwenye kioo cha pili Taratibu aliona. Nyama ilikuwa imeondoka, na palipobaki palijaa vioo. Sindano zilizochongoka kote kote, nyota zenye ncha, na vijinanga vidogo vilivyopinda kwa usawa ambao sonara angeuonea wivu. Mnyama asiye na mkono wala jicho alikuwa amevichonga vyote hivyo gizani, kwa kuokota kioo kwenye maji ya bahari chembe kwa chembe.

Fundi alileta chupa ya spiriti iliyohifadhi kipande cha siku ya kwanza, wakafanya vile vile. Sindano zile zile, nyota zile zile, vijinanga vile vile.

"Aina moja," Daktari alikubali. "Lakini si lazima awe yule yule. Shemeji anaujua ule ufa. Angeweza kwenda kumtoa ndugu yake, dhaifu, akamweka hapa."

Hoja hiyo ilikuwa na miguu, na Taratibu aliipa heshima yake. Alirudi kwenye tangi. Akalizunguka, akainama upande huu, akainama upande ule, magoti yakimlalamikia. Fundi alimtupia jicho Daktari. Daktari alitazama saa.

"Hii kamba vipi?" Taratibu aliuliza.

"Kamba gani?"

"Hii ya bluu. Inaanzia kwenye kigae, inaingia ubavuni hapa. Inatokea huku, inarudi kwenye kigae. Katikati siioni."

Daktari alisogea. "Ni ya kumfungia. Iko ndani, ameota juu yake. Huwa wanakimeza kitu kinachowabana."

"Anachukua muda gani kumeza kamba hivi?"

"Hukua polepole mno. Mpaka kamba ipotee kabisa hivi, ni miezi..."

"Mwizi anaweza kuleta sifongo mwingine," Taratibu alisema, naye hakuongeza sauti. "Anaweza hata kumfunga kamba ya rangi hii hii. Hawezi kumwamuru aimeze mpaka asubuhi."

"Labda alimwandaa mapema. Alimfunga huko huko baharini, akasubiri."

"Juu ya kigae gani?"

Safari hii alijibu fundi. "Kigae ni chetu, Daktari. Mimi ndiye niliyekibandua kwenye bafu la zamani la huku nyuma. Kimemeguka kona, na hilo ua lake limekatika katikati. Hakuna kingine, bafu lenyewe tulishalibomoa. Na huyu ameshika juu yake, tazama, ameshika mpaka kwenye ufa."

Daktari alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye," Taratibu alikubali. "Hajatoka humu tangu aingie. Hakuna aliyeibiwa sifongo, Daktari. Kilichopotea ni dawa. Sasa niambie, dawa hiyo inakaa wapi humo mwilini?"

Daktari alivuta kiti akakaa. "Hilo ndilo nililogombania nusu ya maisha yangu ya kazi. Mimi nasema anaitengeneza mwenyewe. Nimeandika hivyo, nimesimama mbele ya watu nikasema hivyo. Wapo wengine wanaosema kwamba kwa sifongo wengi si mnyama anayetengeneza dawa. Wanasema ni bakteria wanaoishi ndani yake."

"Ndani ya huyu wapo bakteria?"

"Ndani ya huyu, Inspekta, ukimweka kwenye mizani, karibu nusu ya uzito si yeye. Ni wao. Wamejazana kati ya vyumba vyake, aina kwa aina. Wengi hawaishi popote pengine duniani. Sijui walianza lini kukaa pamoja. Hakuna anayejua."

Taratibu aliutazama ule mnara wa kutu. Alikuwa ameuona kama kitu, kisha kama mnyama, na sasa ukawa mji, wenye wakazi wengi kuliko mji aliokuwa akiulinda yeye.

"Kumbe ni nyumba na wapangaji," alisema.

"Ukipenda kuiita hivyo."

"Na fundi ananiambia nyumba iliugua."

"Madoa. Akapona."

"Ulimpa nini?"

Swali lilikuwa dogo, na Daktari alifungua kinywa kulijibu kama anavyojibu mtu aliyeulizwa saa. Macho yake yakahamia tangini. Juu ya matundu ya sifongo bado ulikuwa unapanda uzi mwembamba wa kijani, mabaki ya ile rangi, ukimaliza safari yake.

"Dawa ya kuua bakteria," alisema mwishowe. "Niliitia majini. Ilikuwa ya madoa tu, ya juu ya ngozi. Dozi ndogo."

"Kwa mnyama anayepitisha tangi zima ndani ya mwili wake."

Daktari aliinuka ghafla hadi kiti kikaanguka. "Sikubali," alisema. "Sikubali mpaka nione."

Taratibu hakumzuia. Yeye pia ndivyo alivyokuwa, na mtu anayetaka kuona kabla ya kukubali alikuwa ndugu yake wa kazi. Alikiinua kiti, akakaa yeye, akasubiri. Daktari alikata kipande chembamba kutoka kwenye chupa ya spiriti na kingine kutoka kwa sifongo aliye hai. Akavipaka rangi ya zambarau, akavisuuza, akavikausha. Mikono yake haikukosea hata mara moja.

Daktari aliinamia kile cha kwanza kidogo tu. Cha pili alikiinamia muda mrefu. Alikisogeza kushoto, kulia, juu, chini, akikitafuta kila pembe kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyumba vimehamwa. Kisha akasimama pembeni.

"Tazama wewe."

Kwenye kipande cha siku ya kwanza, Taratibu aliona kuta za vyumba vya sifongo, na katikati ya kuta umati. Vinukta vya zambarau, vifimbo, vijishanga, vimebanana bila nafasi ya kupitisha sindano. Kwenye kipande cha leo kuta zilikuwa zile zile, nzuri, zimesimama imara. Katikati yake palikuwa peupe.

Alijitahidi kuwaza kama polisi, na akaona anashindwa. Pale peupe ndipo walipokuwa wameishi mafundi wa lile duara safi, wasioonekana kwa macho, wakipika gizani dawa ambayo hospitali nzima ilikuwa imeshindwa kuipika. Hakuna aliyewachukua. Mtu aliyempenda mwenye nyumba kuliko wote alikuwa amekesha kitini kumtibu, akawamaliza.

"Nilimtibu," Daktari alisema. "Miaka yote hii nafundisha watu hatari ya dawa hizo kwa bakteria wazuri. Mgonjwa alipokuwa wangu, nikasahau kuwa ndani yake kuna watu." Alifuta macho kwa mkono wa koti, waziwazi, bila kugeuka. "Naona aibu, Inspekta. Na kijana wa watu nimemlaza sakafuni."

"Wanaweza kurudi?"

"Humu ndani, sidhani. Kule kwenye ufa huenda wapo bado, kwa ndugu zake. Sijui. Anayeujua ule ufa ni mmoja tu."

Taratibu alikusanya vile vioo viwili, akavifunga kwenye bahasha, akaandika juu yake. "Nitahitaji maelezo yako yenye saini. Unaweza kuyaandika kituoni."

"Nayaandika hapa hapa," alisema, akavuta karatasi.

Mchana ulikuwa bado mweupe Taratibu na Daktari walipofika kituoni. Mkuu wa kituo alisoma maelezo yale mara mbili, akauliza kama Taratibu ana uhakika kwamba hakuna mwizi hata mdogo, na alipoambiwa hakuna, akapiga muhuri kwa uchungu. Taratibu mwenyewe alifungua mlango wa mahabusu.

"Toka," alimwambia mzamiaji. "Hakuna kesi. Leseni yako haijaguswa."

Mzamiaji alimwona Daktari nyuma ya bega la Inspekta, na badala ya kuinuka akakunja miguu vizuri zaidi pale sakafuni.

"Shemeji," Daktari alisema, "sifongo hakuibwa. Dawa ya madoa niliyomtilia majini ndiyo iliyoua kila kitu. Nilikusingizia. Nisamehe."

Mzamiaji alimsikiliza mpaka mwisho. "Bado yuko hai?"

"Yuko hai. Ndani hamna kitu."

"Maskini." Taratibu aliona kwamba kweli anamhurumia yule mnyama, na kwamba hasira yake ilikuwa mahali pengine kabisa, imetulia, haina haraka. "Shemeji, polisi wakiniita mwizi, ni kazi yao. Wananiita leo, kesho wananifungulia mlango. Lakini wewe hukuanzia kwa polisi. Ulianzia nyumbani. Tulikuwa tunakula. Uliniita mwizi mbele ya mama, na kaka akanyamaza, na mama akaacha kula."

Daktari alichuchumaa pale mlangoni.

"Mama hasomi hizo karatasi zenu za mihuri," mzamiaji aliendelea. "Mimi nikitoka hapa nikaenda nyumbani, ataniuliza nimetokaje. Nimwambie nini? Bakteria? Atajua wameniachia kwa huruma. Sitoki."

Taratibu, ambaye hakuwahi kumsihi mtu atoke mahabusu, aliegemea ukuta. Hili halikuwa lake.

Daktari alitoa simu mfukoni. Vidole ambavyo havikukosea juu ya hadubini sasa vilikosea namba, akafuta, akaanza upya. Aliiweka simu katika sauti ya juu, akaishika mbele ya kifua chake, ikaita kwa muda.

"Haloo?" sauti ya mwanamke mzee ilisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vipi huko? Hawajamwachia?"

"Mama, aliyeharibu ile dawa ameonekana." "Ni mimi. Si yeye. Hakuchukua kitu, wala hakugusa kitu. Niliyoyasema pale mezani yalikuwa uongo, na nilikuwa sijui kuwa ni uongo, lakini niliyasema. Nimeyasema mbele yako, ndiyo maana nayaondoa mbele yako."

Upande wa pili walisikia kijiko kikiwekwa juu ya kitu cha bati, na pumzi ya mtu anayekaa chini.

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

"Yuko hapa, mama. Anasikia."

"Wewe na mimi tutazungumza baadaye. Sasa mpe simu mwanangu."

Mzamiaji aliinuka kutoka sakafuni, akanyoosha mkono, akaichukua.